Ng'ombe Mmoja, Majina Mawili

Nyemo mwanangu,

Zile salamu za "mimi mzima, sijui wewe" naziruka, maana najua fika kwamba u mzima. Uko hapo saluni nyuma ya duka langu unasukwa, na kicheko chako nakisikia mpaka huku kaunta. Tangu Jumapili hujacheka hivyo mbele yangu, na mimi sijakupa sababu ya kucheka.

Kila nikifungua mdomo kukuambia jambo hili naishia kufoka, wewe unaishia kununa, na baba yako anaishia kusema, "Mwache mtoto, mama Nyemo." Basi nimeona niandike. Karatasi haitanijibu "sawa mama" kwa ile sauti yako.

Sitaandika habari za kula, kuvaa wala kurudi mapema. Hayo umeyasikia tangu mdogo, na ulipokuwa chuo hapa hapa Dodoma uliyafuata ulivyotaka. Nataka kukuambia habari za Erasto. Kesho asubuhi unapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam kuanza kazi kwenye kampuni yake, na mtu huyo ndiye aliyesababisha babu yako apoteze ng'ombe wake. Haya, nimeisema. Sasa soma polepole.

Kwako wewe ni Anko Erasto. Ni baba yako wa ubatizo, alikushika kanisani ukamkojolea suti, na hadithi hiyo aliisimulia kila Krismasi mpaka watu wakachoka. Ndiye aliyekununulia baiskeli ya kwanza, akakimbia nyuma yako ameshika kiti huku jasho linamtoka. Sikatai. Alikupenda, na nadhani bado anakupenda. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya siku zote ningeshamsahau.

Ulipouliza kwa nini haji tena nyumbani nilikujibu, "Tulipishana mambo ya kazi tu." Hilo ni kosa langu. Nilidhani nakuepusha na chuki za watu wazima, kumbe nilikuachia mlango wazi, naye akapita hapo hapo. Jumapili simu inaita, naona namba nisiyoijua, napokea nikidhani ni mteja wa chanjo ya kuku. "Mama Nyemo, asante sana kwa kunipa binti. Usiwe na wasiwasi, nitamlea kama wangu." Nilikuwa nimeshika kopo la dawa, nikaliweka chini. Nikamuuliza, binti gani? Akacheka. Alidhani natania.

Kwa hiyo habari ya mwanangu kupata kazi nimeipata kwa Erasto! Wewe ulikuwa na barua ya kazi kwenye simu yako wiki nzima, unakula ugali wangu, unaniambia, "Bado natafuta, mama." Nyemo, nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika eti kwa sababu unasafiri. Lakini nimejiuliza pia, ulijuaje kwamba nitaumia mpaka ukaficha? Ulihisi kuna kitu. Basi kitu chenyewe ni hiki.

Mimi na Erasto tulisoma pamoja, tukamaliza, tukapanga chumba Nkuhungu chenye meza moja na feni iliyozunguka pale inapojisikia. Yeye alikuwa na mdomo. Mtoto wa watumishi, amekulia mjini, akiingia ofisi ya mtu anatoka na kazi. Mimi naandika programu. Nilipenda kazi ile, jamani. Usifikiri mama yako alizaliwa akiuza dawa ya kupe. Unahangaika na kitu siku nzima, hakitaki, hakitaki, halafu unagusa pahali padogo tu, kinakubali. Nilikuwa napiga vigelegele peke yangu mpaka mama mwenye nyumba anakuja kuuliza nani kajifungua.

Ndipo likaja wazo la ng'ombe. Kulikuwa na wafanyabiashara wa nyama waliolalamika kwamba minadani wanauziwa ng'ombe wa wizi. Walitaka kitu ambacho mnunuzi akitazama simu yake anajua ng'ombe huyu ni wa nani. Erasto akaja nalo mbio. "Eliza, hii ni ya kwako, wewe mtoto wa zizini!" Kweli ilikuwa ya kwangu. Tukatengeneza mfumo, tukauita Zizi. Kijana anakuja na simu, anamvisha ng'ombe hereni yenye namba, anampiga picha, anaandika jina la mwenyewe. Ukienda mnadani, mnunuzi anaingiza namba ya hereni, jina lako linatokea na alama ya kijani, biashara inaendelea.

Sasa hapa unisikilize, maana wewe umekulia mjini, na ng'ombe unawajua kwenye sahani.

Sisi Wagogo hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Babu yako kule Gulwe alibaki na wachache nyumbani, wengi akawapeleka Mlali kwa rafiki yake, Mzee Masima. Mzee Masima anawalea. Anawachunga, anakunywa maziwa, samadi inaingia shambani kwake, na wakizaana vizuri baba anamkatia ndama. Lakini ng'ombe ni wa baba. Hakuna aliyeandika popote. Walijua wao wawili, walijua wake zao, walijua majirani waliokunywa pombe siku ya kukabidhiana. Ukame ukipiga Gulwe, huenda Mlali kuna majani. Ugonjwa ukiingia Mlali, Gulwe umebakiwa na mbegu.

Nilipokuwa darasa la saba mvua ilikataa kabisa. Ng'ombe wa nyumbani walikufa mmoja baada ya mwingine, mimi na mama tukawa tunawaburuta kwa kamba kuwatoa zizini. Waliokuwa Mlali walipona. Hao ndio walionisomesha. Dawati langu, sare yangu, hata nauli ya kwenda chuo, vyote vilitoka kwa ng'ombe waliolelewa na mtu ambaye hakuwa ndugu yetu.

Kwa hiyo nilipoandika mfumo wa Zizi niliweka sehemu mbili za majina, ya mwenye mali na ya mlezi. Wala sikuhitaji kufikiri. Kwetu ng'ombe mmoja ana watu wawili, na kila mtu analijua hilo.

Siku ya kuwaonyesha wateja tulikodi ukumbi hotelini, Erasto kavaa tai, mimi nabonyeza. Mfanyabiashara mmoja akauliza, "Mbona majina mawili? Mimi nataka kujua namlipa nani." Nikaanza kueleza habari za kulea. Nikaona macho yao yanahamia kwenye sambusa. Erasto akanikatiza, tabasamu mpaka sikioni. "Hilo dogo, tutaliondoa."

Tuligombana kwenye gari mpaka Nkuhungu.

"Eliza, mteja anataka jibu moja."

"Jibu ni mawili, Erasto."

"Wewe unataka kuwafundisha watu mila. Mimi nataka tuuze mfumo."

"Basi utauza uongo."

Akaendesha. Halafu akalegea, au mimi nilidhani kalegea. "Sawa," akasema. "Tutalificha tu kwenye skrini wasilione. Ndani libaki." Nikakubali. Mtu tuliyekula naye sahani moja miaka yote hiyo, ningemletea mwanasheria?

Kuna kosa jingine, na hili sina wa kumsukumia. Nilitaka vijana waanzie kwetu, Gulwe kwanza, kisha Mlali. Nilitaka baba yangu aone. Nilimpigia nikamwambia, "Baba, wanakuja vijana na hereni, ni mashine yangu mimi mwanao." Watu walikuwa wanaogopa, wanasema hiyo ni kodi inaingia kwa mlango wa nyuma. Babu yako akazunguka nyumba kwa nyumba na fimbo yake. "Toeni ng'ombe wavishwe. Aliyetengeneza hii nimemzaa mimi." Wakatoa. Waliniamini kwa kinywa chake, hakuna aliyeujua mfumo wangu wala aliyetaka kuujua.

Wiki zile zile bibi yako akafariki.

Msiba ule unaukumbuka, ulikuwa kidato cha kwanza. Mimi nilizima simu, binti gani anafiwa na mama yake akakaa anajibu wateja? Kazi yote na nywila zote nikamkabidhi Erasto. Naye akaja Gulwe. Alileta mchele na mafuta, akashika zamu ya jembe kaburini mpaka viganja vikatoka malengelenge, wazee wakasema huyu sasa ni mtoto wetu. Halafu mchana, watu wanakula, akaenda kukaa kwenye gari lake na laptopu. Wewe mwenyewe ndiye uliyempelekea chai. Nilikuona dirishani unapita na kikombe, umekishika kwa mikono miwili usimwage. Nikasema moyoni, mwanangu ana adabu. Pale ulipomkuta ndipo alipokuwa anafuta.

Hakuficha, Nyemo. Alifuta. Aliondoa sehemu nzima ya mwenye mali, na majina yote yaliyokwisha kuandikwa humo yakaondoka nayo. Akabakiza jina la yule ambaye ng'ombe wamelala zizini kwake, basi. Mimi niko ndani namlilia mama, yeye yuko nje kwenye gari anamfuta baba.

Sikujua. Nilirudi kazini nikaona skrini inaonyesha jina moja, nikajua ndivyo tulivyokubaliana, la pili limefichwa. Sikufungua ndani kutazama. Ningetazama nini, na ni Erasto? Vijana waliendelea kuzunguka vijijini, na mzee yeyote akisema "hawa si wangu, nawalea tu", anajibiwa, "Mzee, hapa hakuna pa kuandika hilo." Na mimi niko ofisini naongeza kasi ya mfumo, najisifu.

Miezi ikapita, Mzee Masima naye akafariki. Mtu mwema, sina neno naye hata moja. Mwanawe, Yona, akawapeleka ng'ombe mnadani, wa baba yake na wa baba yangu, wote kwa pamoja. Wanunuzi wakaingiza namba. Jina la Masima likatokea na kijani chake. Wakapakiwa kwenye malori, wakaenda.

Babu yako alisikia kwa watu. Akafunga safari mpaka Mlali. Majirani wale wale waliokunywa pombe siku ile walikuwapo, wazee sasa, wakasema mbele ya Yona, "Wale walikuwa wa Gulwe, sote tunajua." Yona akatoa simu yake. "Wazee, mimi sibishani. Someni wenyewe. Mfumo wa binti yake ndio unaosema." Babu yako hasomi. Alisomewa.

Akanipigia akiwa bado huko huko. Hakufoka. Laiti angefoka. Alinisalimu kwanza, "Mbukwa, mwanangu," kama kawaida yake, tukaulizana hali, akauliza hali yako wewe na shule. Kisha akasema, "Hivi kwenye ile mashine yako, mimi nimeandikwa?"

"Umeandikwa, baba. Ngoja nikutazamie."

Nikafungua. Nikatafuta kwa jina lake, hayupo. Nikatafuta kwa jina la ukoo, hayupo. Nikaingia ndani kabisa, mahali ambapo mimi mwenyewe niliandika kwa mkono wangu neno "mwenye mali", hakuna hata hilo neno. Yeye yuko kwenye simu ananingoja, nasikia upepo wa Mlali unapiga. Nikamwambia, "Baba, nitakupigia." Nilimpigia, ndiyo. Lakini la kumwambia sikuwa nalo, na mpaka leo sijalipata.

Nilimwendea Erasto. Wakati huo tulishahamia ofisi yenye vioo na kiyoyozi. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akapanda ngazi. Erasto hata hakubisha. Akanitazama kwa upole, akasema, "Nilifanya siku ile ya msiba. Mteja alikuwa anasubiri, nami nisingeweza kukusumbua na uchungu ule." Isome tena sentensi hiyo, mwanangu. Aliisema kama mtu anayengoja kushukuriwa!

Nikamwambia, umemwibia baba yangu. Akasema, "Eliza, mfumo uko sahihi. Ng'ombe walikuwa kwa Masima. Tatizo ni la kifamilia, si la programu." Na wale vijana niliowafundisha kazi mimi, niliowapikia, waliangalia skrini zao. Hakuna aliyeinua kichwa. Hapo ndipo nilipojisikia nimeuzwa kabisa, maana Erasto ni mmoja, lakini wale walikuwa chumba kizima.

Nilitafuta nakala za akiba, lakini za wakati ule zilishafutwa, mpya zikaandikwa juu yake. Nikaomba turudi vijijini tuwaandike wenye mali upya, hata mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Nikaambiwa hilo litaingia kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo likaja. Lilikuwa na rangi mpya.

Ngoja, nilikatishwa hapo, kaja mzee mmoja wa hapa Chamwino kutaka dawa. Anasema hereni za njano zimewatia ng'ombe wake vidonda masikioni. Hizo za njano nazijua, rangi niliichagua mimi. Nikampa dawa ya kupaka, nikamwelekeza, akanishukuru sana. Sikumwambia kitu. Kila siku duka hili linaniletea mtu wa namna hiyo, na kila siku nafunga mdomo.

Niliondoka kwa Erasto, yeye akahamia Dar na kampuni na mfumo na vijana wote. Lakini sikuacha fani siku hiyo hiyo kama baba yako anavyopenda kusimulia. Nilijaribu kwingine. Nikawa nakaa vikaoni nasikia "watumiaji, watumiaji", nauliza, mtumiaji gani, anaitwa nani? Watu wanatazamana. Nikawa yule mama msumbufu ambaye akinyoosha mkono kila mtu anashusha pumzi. Kumbe humo ndani hakuna aliyewahi kumwona mtu hata mmoja kati ya hao tunaowaandikia! Siku moja nikaambiwa nifute kitu kidogo tu, namba ya pili ya simu ya wateja, eti inajaza nafasi. Mkono ukakataa. Nikakaa mbele ya kompyuta mpaka wenzangu wakaondoka mmoja mmoja wakiniaga, nami bado nimekaa. Namba ya pili ni ya nani? Ya mke? Ya mjukuu anayemsomea bibi ujumbe? Kesho yake nikarudisha kitambulisho.

Kazi niliyoipenda kuliko usingizi wangu ilinisaliti, Nyemo. Nasema hivyo na sioni aibu. Niliipa ujana, niliipa akili, nikaipa mpaka jina la baba yangu, nayo ikaligeuza likawa sehemu inayojaza nafasi. Ukiniona nakaa kimya wewe na wenzako mkianza habari za programu, ni hilo. Sijasahau kitu. Nikiona skrini ya mtu imejaa mistari vidole bado vinaniwasha.

Usinielewe vibaya. Kompyuta siilaumu, yenyewe ilifanya ilichoambiwa. Wala sikukatazi kwenda. Ningekukataza ungekwenda tu, tena kwa hasira, na hasira zingekufanya umwamini yeye kuliko mimi. Na kazi unaiweza, umenipita. Ulipoandika ile programu ya kupanga zamu za maji mtaani kwetu, ukaweka na mahali pa kuonyesha nani mgonjwa asiyeweza kubeba ndoo, nilikwenda jikoni nikajifanya nageuza maharage. Nilikuwa nalia. Hukuambiwa na mtu uliweke hilo, ulimfikiria tu yule bibi wa nyumba ya kona.

Ninachoogopa ni hiki. Erasto hatakuja kwako kwa ukali, hajui ukali. Atakuja kwenye meza yako na kikombe cha chai, atakutania habari ya suti na mkojo, kisha atasema, "Nyemo, hiki kitu kidogo kiondoe, mteja anasubiri." Na wewe utaiona ile baiskeli. Utaona aibu kumuuliza swali mtu aliyekimbia nyuma yako ameshika kiti. Mimi niliona aibu hiyo hiyo. Muulize tu. Uliza hicho kidogo ni cha nani, anaitwa nani, anakaa wapi. Wakikucheka, wacheke. Na usikubali kile cha "tutaficha tu" bila kufungua ndani kuangalia mwenyewe, hata kama aliyeahidi ni mimi mama yako.

Eti atakulea. Hilo neno limenikaa kooni tangu Jumapili. Wewe si ng'ombe wangu, najua, usianze. Lakini kwetu anayelea hasahau mwenye mali, hata mwenye mali akiwa mbali, hata akifa. Mzee Masima hakusahau mpaka siku anakata roho. Erasto alikaa msibani kwetu, akala kwetu, akasahau kabla ya jua kuzama.

Na kama kazi itakuwa nzuri na utafurahi huko, furahi. Usijikunje kwa ajili yangu. Hasira zangu ni zangu, sikufungii kwenye begi. Nimekufungia karanga, ziko kwenye kopo la maziwa, nimezikaanga leo asubuhi huku nakulaani na kukuombea kwa pamoja. Usimalize zote kabla ya Morogoro.

Limebaki moja.

Jana nilimpigia babu yako kumwambia kwamba unasafiri. Sikumwambia unakwenda kwa nani, hilo utamwambia wewe ukiweza. Hajawahi kunilaumu, hata siku moja, lakini kuna nyumba pale Gulwe ambazo akipita watu wanaingia ndani, kwa sababu nao walitoa ng'ombe kwa neno lake, na waliokuwa wakilelewa kwingine wakapotea vile vile. Anapita hivyo hivyo, anasalimia milango. Akaniuliza, "Treni yake inapita hapa saa ngapi?" Nikamtajia. Akasema atasimama zizini, maana reli mpya inapita karibu, zizi linaonekana vizuri.

Na kweli linaonekana. Mwezi uliopita nilipokwenda kumwona nilimkuta hapo, ameshika panga, amekata miiba rundo zima, anaziba zizi kama anavyoliziba kila mwaka kabla ya mvua. Zizi kubwa vile vile kama zamani, na ndani nyasi zimeota, maana hata wale wachache wa nyumbani walishakwisha, hakuna hata mbuzi wa kuzikanyaga. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Baba, humo hamna kitu. Unaziba nini?" Hakuacha kazi, hata hakugeuka.

"Wakirudi watalala wapi?"

Kaa upande wa dirisha, mwanangu. Treni ikikaribia Gulwe weka simu chini. Utamwona mzee amesimama na shuka lake na fimbo, nyuma yake zizi limezibwa vizuri, halina ng'ombe hata mmoja. Mpungie mkono, kwa nguvu, hata kama hakuoni.

Ukifika, Erasto atakuuliza kama mama hajambo. Mwambie hajambo. Kisha mwambie, "Babu bado anaziba zizi." Usiongeze neno. Mwangalie usoni, na usinipigie kuniambia ulichokiona. Kione wewe, ndipo uamue kama utakaa meza yake.

Nasikia umemaliza kusukwa, unanijia. Naikunja hii naiweka chini ya karanga.

Ni mimi, mama yako,
Eliza